Kwa nini Olivia de Havilland wa 1938 hafanani na yule wa 1949?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Siku hizi natazama filamu za Olivia de Havilland. Zile za miaka ya 1930 anacheza msichana yule yule: mzuri, mpole, anasubiri kuokolewa na Errol Flynn. Halafu nikatazama The Heiress ya 1949, nikadhani ni mtu mwingine kabisa. Hapo katikati kulitokea nini? Alisomea uigizaji upya? Naona pia anatajwa sana kwenye mambo ya sheria na mikataba, na sielewi yanahusianaje na filamu zake. Ni kweli kwamba hakuwa akizungumza na mdogo wake, Joan Fontaine? Na kama nina muda wa filamu chache tu, nitazame zipi?*

Marahaba. Macho yako yameona sawasawa. Hapo katikati palikuwa na mahakama.

De Havilland hakurudi kusomea uigizaji. Aliishtaki Warner Bros., kampuni iliyomwajiri tangu akiwa na miaka 18, akakaa karibu miaka miwili bila kupiga filamu hata moja, akashinda, na tangu hapo akawa anachagua mwenyewe kazi ya kufanya na mwongozaji wa kufanya naye. Huyo unayemwona kama mtu mwingine ni yule yule, ila sasa hapangiwi.

Wengi wanaoandika juu yake hutaja kesi kwa sentensi moja kisha wakakimbilia ugomvi wa ndugu. Mimi nitafanya kinyume chake, maana bila kujua mkataba wa studio ulivyokuwa, nusu ya kwanza ya kazi yake haieleweki.

Kwanza alikotoka. Alizaliwa Tokyo tarehe 1 Julai 1916, wazazi wote wawili wakiwa Waingereza. Baba yake, Walter, alikuwa wakili wa mambo ya hataza, yaani haki za uvumbuzi. Mama yake, Lilian, alikuwa na historia ya kuigiza jukwaani. Joan alizaliwa Oktoba 1917. Mwaka 1919 mama aliondoka Japani na mabinti wake, wakatua Saratoga, mji mdogo wa California, na baba akarudi Japani. Ndoa ikafa. Mama akaolewa tena na mwanamume aitwaye George Fontaine, na huyo ndiye aliyempa Joan jina alilokuja kulitumia kwenye filamu.

Baba wa kambo alikuwa mkali kupita kiasi. Olivia alipopewa nafasi kubwa katika mchezo wa kuchangisha fedha shuleni, aliambiwa achague: aache mchezo, au aucheze na asirudi nyumbani. Akaucheza. Akahamia kwa rafiki wa familia. Ukilishika tukio hilo, yaliyotokea baadaye na Warner hayatakushangaza sana.

Alikuwa amejipanga kuwa mwalimu, na alikuwa na nafasi ya ufadhili katika Mills College. Lakini mwaka 1934 Max Reinhardt, mwongozaji mkubwa wa jukwaa kutoka Austria, alikuwa akiandaa mchezo wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, kwenye uwanja wa Hollywood Bowl. Binti wa Saratoga alichukuliwa kama akiba wa pili wa nafasi ya Hermia, yaani mtu wa tatu kwenye foleni. Wawili waliomtangulia wakatoka, mmoja baada ya mwingine, na usiku wa kwanza akapanda jukwaani yeye. Warner walipoamua kuugeuza mchezo ule kuwa filamu, walimtaka na yeye. Novemba 1934 alitia sahihi mkataba wa miaka mitano, dola 200 kwa wiki. Aprili 1936 ukaja mpya: miaka saba, kuanzia dola 500 kwa wiki.

Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa msichana wa umri ule. Tatizo lilikuwa kwenye vifungu vingine.

Mkataba wa miaka saba wa enzi zile ulimfunga mwigizaji kwa miaka yote saba. Kampuni ilijifunga kwa mwaka mmoja tu, kisha ikawa na hiari sita za kuongeza muda, moja kila mwaka. Mwaka ukiisha na kampuni haikutaki tena, unaondoka. Mwaka ukiisha na wewe ndiye huitaki kampuni, unabaki. Ukiwa humo ndani unapangiwa filamu. Kampuni ikipenda inakukopesha kwa kampuni nyingine, na mara nyingi ilimtoza mkopaji zaidi ya mshahara wako na kuiweka tofauti mfukoni.

Ukikataa mswada wa filamu, unasimamishwa. Hulipwi, na huruhusiwi kufanya kazi popote kwingine, kwa muda wote ambao mtu mwingine atautumia kuigiza nafasi uliyoikataa. Halafu, na hapa ndipo penye sumu, wiki hizo zote zinaongezwa mwishoni mwa mkataba. Anayekataa kazi mbaya analipa mara mbili: leo kwa mfuko, kesho kwa umri. Kwa mwanamke katika Hollywood ya wakati ule, umri ulikuwa mali inayoyeyuka kuliko fedha. Hivyo mkataba wa miaka saba uliweza kuwa wa minane au tisa, na kwa mtu mkaidi kwelikweli usingekuwa na mwisho.

Sasa rudi kwenye zile filamu na Flynn. Walicheza pamoja filamu nane, kuanzia Captain Blood ya 1935 hadi They Died with Their Boots On ya 1941. Usizidharau. Katika The Adventures of Robin Hood ya 1938 ana wepesi na joto ambalo wengi waliojaribu nafasi za namna ile hawakulipata. Filamu ile ingechosha kama Marian, msichana anayemcheza, angekuwa pambo tupu. Lakini hesabu anachopewa afanye: amtazame shujaa kwa mashaka, kisha kwa mapenzi, kisha kwa hofu. Warner ilikuwa nyumba ya wanaume, ya majambazi, wanajeshi na wapiga upanga. Nafasi nzito za wanawake zilikwenda kwanza kwa Bette Davis. Katika The Private Lives of Elizabeth and Essex ya 1939, de Havilland yuko nyuma ya Davis na Flynn, katika nafasi ambayo hata ukiifuta hadithi inasimama.

Mwaka huo huo, hata hivyo, kuna Gone with the Wind, na hiyo haikuwa ya Warner. Mtayarishaji David O. Selznick alimtaka kwa nafasi ya Melanie. Jack Warner, bosi wa Warner Bros., akakataa kumkopesha. De Havilland akampita pembeni: akaomba kukutana na mke wake, Ann Warner, akajieleza, na mama huyo akaenda kumlainisha mumewe. Ni hatua ya ujanja na ya adabu kwa wakati mmoja, na nadhani inamfunua kuliko mahojiano mengi aliyowahi kutoa.

Melanie ni nafasi ngumu sana kuicheza. Mtu mwema asiye na hila, mbele ya Scarlett mwenye hila zote, kwa karibu saa nne! Mwigizaji wa kawaida angetupa malaika wa kuchosha. De Havilland alimfanya Melanie mtu aliyechagua wema akijua bei yake. Mtazame pale askari mwizi anapouawa ndani ya nyumba: Melanie anashuka ngazi na upanga mkononi, mgonjwa, na ni yeye anayewaza kwanza kupekua mifuko ya maiti. George Cukor, mwongozaji wa kwanza wa filamu hiyo, aliondolewa mapema mwaka 1939 na nafasi yake ikachukuliwa na Victor Fleming. De Havilland aliendelea kwenda kwa Cukor kisirisiri kupata ushauri juu ya nafasi yake. Vivien Leigh, aliyecheza Scarlett, naye alikuwa akifanya hivyo hivyo, na kwa muda kila mmoja hakujua habari za mwenzake.

Kwa kazi ile alipendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji msaidizi, akashindwa na Hattie McDaniel wa filamu hiyo hiyo, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Usiku ule de Havilland alilia kwa kukosa, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba ilimchukua muda kuona kuwa uamuzi ulikuwa wa haki. McDaniel, ukumbuke, alikuwa amewekwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake weupe. Habari zake zinastahili jibu lao peke yake.

Baada ya Melanie ungetegemea Warner imwone upya. Haikumwona. Alirudi kwenye nafasi zile zile, akaanza kukataa miswada, na kila alipokataa alisimamishwa. Mwaka 1941 akakopeshwa kwa Paramount kucheza Hold Back the Dawn chini ya Mitchell Leisen, akapendekezwa tena kwa Oscar, safari hii ya mwigizaji mkuu. Hiyo ndiyo Oscar iliyochukuliwa na mdogo wake Joan kwa filamu Suspicion, na walikuwa wameketi meza moja.

Ngoja nikuonyeshe kitu ambacho huwa nawaambia wanafunzi wakihesabu kwa vidole. Katika maisha yake de Havilland alipendekezwa kwa Oscar mara tano. Gone with the Wind ilikuwa ya Selznick. Hold Back the Dawn ilikuwa ya Paramount. To Each His Own ilikuwa ya Paramount. The Snake Pit ilikuwa ya 20th Century Fox. The Heiress ilikuwa ya Paramount. Warner Bros., iliyokuwa na haki juu ya kazi yake kwa sehemu kubwa ya ujana wake, haimo hata mara moja. Kipaji ulichokiona 1949 kilikuwepo 1939. Kilikuwa kinaonekana pale tu alipotoka nje ya geti.

Twende kwenye kesi. Mkataba wa 1936 ulianza kutumika tarehe 5 Mei 1936, hivyo kwa kalenda ulikwisha Mei 1943. Warner wakamwambia bado: ulikuwa umesimamishwa hapa na pale, tunakudai kazi ya miezi mingine kadhaa. Akaenda kwa wakili Martin Gang. Gang akamwonyesha kifungu cha sheria ya kazi ya California kilichosema kwamba mkataba wa kumtumikia mtu hauwezi kulazimishwa kwa mfanyakazi baada ya kupita miaka saba tangu kazi ilipoanza.

Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya nyota wa filamu. Ilikuwepo tangu karne ya 19 ikiwa na ukomo mfupi zaidi, ikasogezwa hadi miaka saba mwaka 1931. Studio zote ziliijua. Tafsiri yao ilikuwa kwamba miaka saba ni miaka saba ya kazi iliyofanyika, na wiki ambazo mtu hakufanya kazi hazihesabiki. Gang alisema miaka saba ni miaka saba ya kalenda, na siku zote zinahesabika, uwe kazini au uwe umesimamishwa.

Shauri likafunguliwa Agosti 1943. Elewa ujasiri uliohitajika. Bette Davis alikuwa amejaribu mwaka 1936: alitoroka kwenda Uingereza akitaka kupiga filamu huko, Warner wakamfuata mahakamani London, akashindwa, akarudi kazini akiwa na deni la mawakili. Kila mwigizaji aliikumbuka habari hiyo. Lakini mashauri hayo mawili hayafanani. Mahakama ya London iliulizwa kama Davis anaweza kuzuiwa kumfanyia kazi mtu mwingine wakati mkataba wake bado uko hai, na ikajibu kwamba anaweza. De Havilland hakwenda kulalamika kwamba mkataba ni mbaya, wala kwamba amepewa nafasi za hovyo, ingawa alikuwa amepewa. Alisema umekwisha. Malalamiko juu ya ubaya wa mkataba yangemfanya aonekane msichana mdekaji aliyelipwa vizuri, na majaji wangemchoka kabla ya chakula cha mchana. Hoja ya kalenda haimhukumu mtu tabia.

Warner wakajibu kwamba hata kama sheria iko hivyo, yeye mwenyewe alikubali vifungu vya kusimamishwa aliposaini, kwa hiyo aliiacha haki yake. Mahakama ya chini ilimpa de Havilland ushindi, na tarehe 8 Desemba 1944 mahakama ya rufaa ikaukazia. Ilisema kinga iliyowekwa na sheria kwa faida ya umma haifutwi na sahihi ya mtu mmoja. Mfanyakazi anayezidi kupata ujuzi lazima afike mahali anaweza kwenda kuuza ujuzi huo kwa anayeuthamini zaidi. Februari 1945 Mahakama Kuu ya California ikakataa kulisikiliza tena. Ikawa imekwisha.

Kwa muda wote huo hakuwa na kazi. Jack Warner alizituma barua kwa makampuni mengine akiwaonya wasimguse, na hawakumgusa. Alitumia akiba yake kulipa gharama. Filamu yake moja ya Warner, Devotion, iliyokwisha kupigwa kabla ya kesi, ilikaa kabatini hadi 1946. Yeye akaenda kutembelea askari waliolazwa hospitalini, hadi visiwa vya Aleutia na Pasifiki ya Kusini, na huko Fiji akalazwa yeye mwenyewe kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 27, 28. Kwa hesabu za Hollywood, ndiyo miaka ambayo mwigizaji wa kike hapaswi kupotea machoni pa watu.

Sasa tazama alichofanya alipofunguliwa mlango, ndipo utaona jibu la swali lako. Angeweza kuomba filamu ya kupendeza ya kuwakumbusha watu sura yake. Alikwenda Paramount akamtaka Mitchell Leisen, yule yule wa Hold Back the Dawn, wakapiga To Each His Own. Humo anaanza akiwa msichana anayezaa nje ya ndoa na kumpoteza mtoto kwa familia nyingine, na anaishia mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye fedha, anayemtazama mwanawe asiyejua kwamba yeye ni mama yake. Miaka karibu thelathini ya umri ndani ya filamu moja. Ni hadithi ya machozi, na haina aibu kuwa hivyo, lakini angalia sauti yake inavyoshuka kadiri miaka inavyopita. Kazi hiyo haikufanywa na vipodozi. Ikampa Oscar ya kwanza mwaka 1947.

Kisha The Snake Pit ya 1948, chini ya Anatole Litvak, juu ya mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikwenda kwenye hospitali za namna hiyo akatazama wagonjwa na matibabu yao, akapunguza mwili, akakubali kuonekana bila urembo wowote. Nyota wa kike wa wakati ule kukubali kupigwa picha nywele zimemtimka na macho yamezama haikuwa jambo dogo. Filamu ilizua mjadala mkubwa Marekani juu ya hali ya hospitali hizo. Uingereza wakaguzi wa filamu waliikata na kuiwekea tahadhari mwanzoni. Mwenyewe ninaiona imezeeka mahali fulani, hasa daktari wake anayejua kila kitu na kueleza ugonjwa mzima kwa maneno machache. De Havilland ndani yake hajazeeka hata dakika moja.

Na The Heiress. Aliuona kwanza kama mchezo wa jukwaani New York, akamwendea William Wyler mwenyewe kumwambia kwamba wao wawili waufanye filamu. Angalia tofauti: miaka kumi kabla alihitaji kumpitia mke wa bosi ili akopeshwe, sasa yeye ndiye anayempelekea mwongozaji kazi. Catherine ni binti tajiri, mwenye haya, asiye mzuri machoni pa baba yake, anayependwa na kijana ambaye hatuna hakika anapenda nini. Ile sauti laini na macho ya kuamini ambayo Warner waliitumia miaka yote kwa Flynn, Wyler anaitumia nusu ya kwanza ya filamu. Kisha anamwacha aigeuze. Catherine wa mwisho anazungumza kwa upole ule ule, na upole huo sasa unatisha. Kuna usiku anapopanda ngazi na mzigo wake baada ya kuachwa. Inasimuliwa kwamba baada ya kuirudia mara kadhaa bila kuridhika, Wyler aliagiza sanduku lijazwe vitu vizito, na uchovu unaouona pale ni uchovu kweli. Oscar ya pili, 1950.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema aliacha kuwa mwanamke mpole na kuanza kucheza wanawake wakali. Alibaki na upole wake. Kilichobadilika ni kwamba sasa upole ulikuwa na kisa, na ulikuwa na gharama.

Yaliyofuata nitayapita haraka, kwa sababu hata yeye aliyapita haraka. Alikuwa ameolewa na mwandishi Marcus Goodrich mwaka 1946, wakapata mtoto wa kiume, Benjamin, wakaachana. Mwaka 1955 aliolewa na Pierre Galante, mhariri wa jarida la Paris Match, akahamia Paris, akazaa binti, Gisèle. Filamu zikapungua, nyingi za wakati huo unaweza kuziacha. Mwaka 1964 alichukua nafasi ya Joan Crawford katika Hush… Hush, Sweet Charlotte, akicheza mbele ya Bette Davis, na pale anautumia uso wake mwema kama silaha, kwa furaha ya wazi. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jopo la majaji wa tamasha la Cannes. Alitengana na Galante lakini alimuuguza hadi kifo chake 1998. Benjamin alifariki 1991. Yeye mwenyewe alifariki Paris tarehe 26 Julai 2020, akiwa na miaka 104.

Kuhusu Joan: ndiyo, ugomvi ulikuwepo, tangu utoto, na baada ya mama yao kufariki 1975 hawakuzungumza. Ila kumbuka kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua yametoka upande wa Joan, aliyeandika na kuhojiwa sana, huku Olivia akinyamaza kwa miongo. Ndugu wawili kukosana ni jambo la kila ukoo. Hawa walikosana wakiwa na kamera mlangoni. Zaidi ya hapo ni uvumi.

Lakini hapo hapo kuna kipande cha sheria usichokitegemea. Mwaka 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, alikishtaki kituo cha televisheni cha FX kwa mfululizo ambamo mwigizaji alimcheza yeye. Moja ya malalamiko yake ilikuwa kwamba waliweka mdomoni mwake tusi juu ya mdogo wake. Machi 2018 mahakama ya rufaa ya California ilimkatalia, ikisema kumwigiza mtu wa kweli ni sehemu ya uhuru wa kujieleza, na Januari 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulipokea. Nampenda sana mama huyu, lakini nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Angeshinda, kila anayetaka kutunga filamu juu ya mtu aliye hai angelazimika kuomba ruhusa ya mhusika, na tungebaki na filamu za sifa tupu.

Ile kesi ya kwanza ndiyo iliyodumu. Mawakili huiita kwa jina lake hadi leo. Wapo wanaosema iliua mfumo wa studio, hapo wanazidisha. Uamuzi wa 1948 uliozilazimisha kampuni kubwa kuachana na majumba yao ya sinema ulikata zaidi, na televisheni ikamalizia. Ilichofanya kesi yake ni kuweka tarehe ya mwisho ambayo hakuna bosi anayeweza kuisogeza. Kwa waigizaji waliokuwa vitani hilo halikuwa jambo la kinadharia, maana miaka ya jeshini ingeweza kuongezwa nayo. Wanamuziki walikuja kulihitaji pia, ingawa mwaka 1987 kampuni za kurekodi zilipata nyongeza inayoziruhusu kudai fidia kwa albamu ambazo hazijatolewa. EMI ilipoidai bendi ya Jared Leto dola milioni 30 mwaka 2008, utetezi wao ulisimama juu ya kanuni ile ile ya miaka saba, na baada ya pande mbili kupatana Leto alikwenda Paris kumshukuru bibi mwenyewe.

Za kutazama: umeshaziona za Flynn, kwa hiyo anza na Gone with the Wind, ila safari hii mfuate Melanie peke yake na umwache Scarlett ajihangaikie. Kisha Hold Back the Dawn, halafu To Each His Own, na umalizie kwa kuirudia The Heiress. The Snake Pit itazame siku nyingine, mchana, ukiwa na mtu wa kuzungumza naye baadaye.